Miwani ya Marehemu Edmond

Macho ya Perpétue yalianza kumwuma wiki ile ile taa mpya zilipofungwa, na kwa kiburi chake hakumwambia mtu. Katika nyumba ya miche ya Madame Syntiche, kule mtaa wa Ruashi, macho yake ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Wengine waliosha visanduku, wengine walikata vipande vya shina, wengine walimwagilia maji. Yeye aliangalia. Alipita kati ya rafu, akafungua kisanduku cha plastiki, akainamia miche ishirini ya muhogo isiyozidi urefu wa kidole, akatafuta doa la njano kwenye jani. Mche wenye doa una ugonjwa wanaouita mosaïque, na ukitoka nao mmoja tu, shamba linaloupokea halichukui muda kugeuka njano lote. Perpétue akiuona aliung'oa. Kwa miaka mitatu hakuwahi kukosea, na Madame alipoleta wageni alimwonyesha kwao kabla hata ya kuwaonyesha miche.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani, halina dirisha. Madame Syntiche, mama wa Kivu ya Kaskazini aliyeanza na lori moja la vitunguu, alikuwa akiweka humo magunia yake kabla hajaingiwa na wazo la muhogo. Taa za kwanza zilikuwa nyeupe na za kawaida. Hizi mpya zilikuwa za zambarau, kali, zimepangwa juu ya kila rafu, na miche ilizipenda kuliko watu walivyozipenda. Ukikaa chini yake saa moja, ukitoka nje unakuta dunia imekuwa kijani kibichi na kichwa kinagonga. Kuzizima wakati wa kazi hakukuwezekana, kwa sababu umeme huja ukitaka, na ukija kila dakika yake ni ya miche. Kutoa visanduku nje kwenye jua nako kulikatazwa, maana wale nzi weupe wanaoeneza ugonjwa wanangoja hapo mlangoni. Kwa hiyo aliyetaka kuona aone humo humo.

Wafanyakazi watatu walipolalamika, Madame hakugomba. Siku ya Jumatatu alimwaga miwani juu ya meza ya kuoshea, ya aina tatu. Kulikuwa na miwani myeupe ya karakana, kulikuwa na miwani ya jua ya sokoni, na kulikuwa na miwili tu yenye vioo vya kijani.

"Kila muntu achague," Madame alisema. "Lakini hizi za vert njo banatengeneza kwa mataa ya sawa hizi. Zinapunguza makali na zinaacha rangi yake. Nilipata mbili tu. Moja ya Mama Perpétue, moja ya Plamedie, juu beye njo banaangaliaka majani."

Plamedie, mama wa watoto wawili ambaye Perpétue mwenyewe alimfundisha kazi, alivaa yake pale pale na kuingia ndani. Alirudi akicheka.

"Mama Perpétue, jaribu. Majani inarudia vert sawa vile iko inje."

Perpétue hakuigusa ile ya kijani. Aliisogeza kwa kidole upande wa Madame, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuiagiza.

"Apana, Madame. Aksanti. Miye niko na yangu kwa nyumba. Ya baba."

Tuseme ukweli: kama angejaribu, hata kwa nusu dakika, hadithi hii isingekuwapo. Lakini hakujaribu, na ili kumwelewa ni lazima umjue baba yake, marehemu Edmond. Mzee huyo alikuwa mtoto wa watu walioshuka kutoka Kongolo wakifuata kazi za reli, na yeye mwenyewe alichomelea vyuma katika karakana ya reli miaka thelathini na mmoja. Wenzake walizeeka na macho ya maji. Yeye alikufa na miaka sabini na tisa akiwa bado anasoma misale kanisani bila miwani, tena kwa sauti, ili majirani wasikie. Watu wote wa ukoo walijua siri ya macho hayo. Ilikuwa ile miwani yake ya kuchomelea, yenye vioo viwili vya mviringo, vyeusi na vinene, na mkanda wa ngozi uliochakaa.

Siku ya kumaliza matanga, tantine Annie, dada wa marehemu, ndiye aliyegawa vitu. Kila mtu alijua miwani itakwenda kwa Godefroid, mdogo wake Perpétue, kwa kuwa naye alikuwa fundi wa kuchomelea, mwenye karakana yake ya milango na madirisha. Tantine Annie akaiweka mikononi mwa Perpétue.

"Kintu ya kazi ya baba inaendaka kwa mutoto wa kwanza," alisema. "Mwenye kuishika njo anaikala pa nafasi yake."

Godefroid, ambaye humwita dada yake mkubwa yaya, alisema mbele ya ukoo mzima, "Sasa yaya atafanya nini na lunettes ya kusoudé? Ataificha mu kabati." Wajomba walicheka. Perpétue hakucheka, wala hakusahau. Jambo lililomchoma zaidi ni kwamba Godefroid alisema kweli: miwani ilikaa kabatini miaka sita, imefungwa katika kitambaa safi cha meza. Sasa, hatimaye, ilikuwa na kazi.

Aliivaa Jumanne asubuhi. Mwanga wa zambarau ulififia mara moja, ukawa mpole. Kichwa kiliacha kugonga kabla ya saa sita mchana, na Perpétue alifurahi hadi akashindwa kuficha. Alijiona mrefu. Wenzake walimtania kwamba sasa anaonekana fundi wa treni, na utani huo ulimpendeza kabisa. Wakati wa chakula alimpigia Godefroid simu, kusudi tu ajue.

"Niko nayo mu macho saa hii," alimwambia. "Lunettes ya baba. Inatumika."

Godefroid aliuliza. "Ni muzuri, yaya. Na charnière yake, ile bawaba ya yulu, inatembea?"

"Ilishika kutu. Sitaki kuilazimisha nisiivunje. Sina kazi nayo."

"Aya," Godefroid alisema, akakata. Perpétue alidhani ni wivu.

Wiki zikaenda. Kama kulikuwa na kitu, alijiambia, angekiona. Majani yalikuwa meusi kidogo ndani ya vile vioo, yametulia, yanafanana. Ilibidi ainame karibu zaidi, na wakati mwingine alikaa juu ya kisanduku kimoja muda ambao zamani ungemtosha visanduku vinne. Aliliona hilo. Alisema ni umri, kisha akasema ni uchovu, kisha akaacha kulisemea kitu.

Katikati ya Novemba walikuwa wakiandaa mzigo wa kwenda Lukafu, visanduku mia mbili. Mzigo huo ulikuwa wa Perpétue kwa namna ya pekee, kwa sababu aliyeuagiza ni tonton Mukuka, mdogo wa mama yake, mkulima huko, ambaye alikuwa amewashawishi akina mama arobaini wa chama chao wang'oe mihogo yao ya zamani wapande hii. Aliwashawishi kwa neno moja: mtoto wa dada yangu ndiye anayeiangalia. Plamedie alimjia na kisanduku mkononi.

"Mama, angalia iyi. Mi naona sawa iko na jaune kidogo, huku chini."

Perpétue aliinama kuitafuta hiyo njano. Aliona majani, mazuri, meusi, yote sawa.

"Iko safi."

"Lakini, Mama, mi naona—"

"Plamedie. Ni nani alikufundisha kuona?"

Plamedie alishusha macho. "Ni weye, Mama."

"Basi rudisha."

Akarudisha. Kisanduku kilikwenda Lukafu na vingine mia moja tisini na tisa.

Simu ya tonton Mukuka ilikuja mwishoni mwa Januari, Perpétue akiwa anapaka siagi mkate wa asubuhi. Mzee hakufoka. Ingekuwa heri angefoka.

"Perpé, mwana wangu. Mihogo yenu inarudia jaune. Inaanza kwa Mama Lydie, sasa inafika kwa bote. Bamama banakuya kuniuliza. Mi niseme nini?"

Perpétue alisema atauliza. Aliuweka mkate chini na hakuula tena. Kabla hajajibishana na nafsi yake, alikwisha kukiona kile kisanduku mkononi mwa Plamedie.

Madame Syntiche alikwenda Lukafu mwenyewe na kurudi na mfuko wa majani yaliyojikunja, njano na kijani. Aliyamwaga juu ya meza ile ile ya kuoshea. Wote walisimama kuyatazama, na hakuna aliyeuliza ni nini.

"Bantu babili tu njo banaangaliaka," Madame alisema taratibu. "Mama Perpétue, myaka tatu hajakosea. Kwa hiyo mi najua ni nani." Akamgeukia Plamedie. "Una neno?"

Plamedie alimtazama Perpétue mara moja. Halikuwa jicho la kushtaki. Alimtazama kama mtoto anayemtazama mama yake mbele ya wageni, kuona kama atasema. Mtu aliyefundishwa kazi hamvui nguo mwalimu wake mbele ya watu, tena mwenye umri wa mama yake, na Plamedie alilelewa vizuri. Alisema, "Sina neno, Madame."

Perpétue naye hakusema. Aibu yake ilikuwa kubwa, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi, na tusimpake rangi nzuri: kwa siku moja nzima alimwacha mwenzake abebe mzigo wake.

Madame hakutaka kuitwa mwonevu. Alisema kesho asubuhi Plamedie atapimwa mbele ya wote. Madame angepanga visanduku kumi, vingine vikiwa na miche iliyokatwa kwenye mashina aliyoyashuku kuwa mabovu, na Plamedie atoe migonjwa. Mama Perpétue angekuwa mwamuzi. Akikosa hata mmoja, Plamedie arudi kwake kulea watoto.

Jioni hiyo Perpétue aliosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa. Alijitetea kwa kila njia. Labda ugonjwa uliletwa na nzi wa Lukafu. Labda mashina yalikuwa na kasoro tangu mwanzo. Labda Plamedie naye alipitisha vyake. Kila labda ilisimama kidogo kisha ikaanguka, kwa sababu sauti yake mwenyewe ilikuwa bado masikioni ikisema iko safi.

Asubuhi watu tisa walijipanga kando ya rafu ya kwanza, chini ya zambarau. Plamedie alivaa miwani yake ya kijani. Alifungua, akatazama, akafunga, akafungua. Alipomaliza alikuwa ameng'oa miche sita na kuilaza juu ya trei.

"Mama Perpétue," Madame alisema. "Angalia. Ni ile? Na kumebakia ingine?"

Perpétue aliinama juu ya trei akiwa na miwani ya baba yake. Miche sita, myeusi, imetulia, yote mizima. Alivipitia visanduku kumi. Vyote safi. Akaelewa kwamba kila kitu kilikuwa mkononi mwake. Akisema kuwa hii sita haina kitu, mtoto wa watu ameng'oa miche mizima kwa kubabaika, na kesi imekwisha. Jina lake lingebaki. Tonton Mukuka angekuwa na mtu wa kuwatajia akina mama, na mtu huyo asingekuwa mtoto wa dada yake. Watu tisa waliokuwa wakimngoja wangeliamini neno lolote litakalotoka kinywani mwake, na hilo ndilo lililomtisha.

Alivua miwani. Mwanga ulimpiga usoni na machozi yakatoka yenyewe.

"Plamedie, mwana. Nipatie ile yako."

Plamedie aliivua na kumpa. Perpétue aliivaa, akasubiri macho yatulie, na rangi zikarudi. Kijani kikawa kijani. Miche sita juu ya trei ilikuwa na madoa ya njano, wazi kabisa, hata mwosha visanduku angeyaona. Moyo ulimuuma kuona jinsi yalivyokuwa wazi. Akarudi kwenye visanduku, kimoja kimoja, na mikono yake ikaanza kwenda ile kasi yake ya zamani. Kwenye kisanduku cha nane alisimama. Pembeni, chini ya jani la pili, palipoungana na shina, palikuwa na doa dogo kuliko punje ya wimbi.

Jicho lake lilikuwa bado zima. Lilikuwa zima muda wote huo, nyuma ya vioo vya marehemu. Sasa lilikuwa limeona kitu ambacho akikitaja kinamfukuza Plamedie, na asipokitaja anapitisha tena mche mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Aling'oa ule mche na kuulaza kando ya ile sita.

"Iko ya saba," alisema.

Watu waliguna. Madame alimgeukia Plamedie, na Plamedie alikwisha kuanza kufungua aproni yake.

"Hapana, Madame. Leka nimalize kusema." Perpétue aliigusa ile miche juu ya trei. "Ile ya saba ni kadogo sana, ataizoea, mi mwenyewe nilichukua mwaka kuzoea. Lakini ile sita, mi sikuona hata moja na lunettes ya baba. Hata moja. Njo naivwala tangu muliweka mataa. Na mu bintu ya Lukafu, Plamedie aliniletea kisanduku mu mukono, akaniambia iko na jaune. Nilimuambia iko safi. Nilimufunga kinywa. Ile mihogo ya Lukafu ni miye."

Plamedie alikuwa analia bila sauti, aproni imening'inia upande mmoja. Madame Syntiche alimtazama Perpétue, na katika uso wake kulikuwa na hasira, na chini ya hasira kitu kama msiba.

"Na jana?" aliuliza. "Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, Madame. Niliogopa."

Madame hakumfariji, wala hakupiga kelele. Alisema Plamedie atachukua rafu zote kuanzia leo. Alisema Perpétue ataondoka kesho na lori la Lukafu, akawaambie wale akina mama arobaini kwa kinywa chake, na akang'oe nao ile mihogo hadi shina la mwisho, achome. "Ukirudi, tutaonana," alisema. "Sikuambie kazi iko. Sikuambie haiko."

Kesho yake, lori likimngoja barabarani, Perpétue alipita kwa Godefroid. Hakuwa ameingia katika karakana ile tangu mwaka juzi. Walionana kwenye misa na kwenye misiba. Mdogo wake alikuwa amechuchumaa mbele ya geti, akichomelea, na usoni alikuwa na miwani ya jua ya sokoni, jozi mbili, moja juu ya nyingine. Alipomwona dada yake aliivua yote. Macho yake yalikuwa mekundu pande zote, yanachuruzika, na kope zilikuwa zimevimba. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono kwa namna ya mtu aliyezoea.

"Tangu lini uko vile?" Perpétue aliuliza.

"Ni muchanga tu, yaya. Inakuyaka asubui, kisha inaisha. Mwaka ya kwanza ilikuwa inaisha mbio."

Perpétue alifungua kitambaa cha meza na kumpa miwani. Alitaka Godefroid aseme neno baya. Alijitayarisha kwa ajili ya neno hilo tangu nyumbani. Godefroid hakulisema. Aliigeuza miwani mkononi, akachukua kopo la mafuta, akadondosha tone moja kwenye bawaba, akaisubiri, kisha akaisukuma kwa kidole gumba. Vile vioo vyeusi viliinuka juu kama vifuniko viwili, na chini yake palikuwa na vioo vingine, vyeupe, safi kabisa.

"Unaona," alisema. "Baba alikuwa anashusha juu ya kuchoma, anainua juu ya kuangalia. Muntu hawezi kuangalia kazi yake na ile nyeusi."

Ndipo Perpétue alipokumbuka. Alikuwa na miaka saba au minane, amesimama kwenye uzio wa karakana ya reli na chakula cha baba katika sahani iliyofungwa. Cheche zilikoma. Baba aligeuka, akainua vile vioo kwa kidole kimoja, na macho yake yakatokea, yakamtafuta, yakamwona. Kila siku ilikuwa hivyo. Aliyajua macho ya baba yake kwa sababu baba alikuwa akiinua.

Alikaa juu ya rundo la vyuma na kulia, mchana kweupe, wateja wakipita. Godefroid alikaa kando yake akiwa ameshika miwani. Baada ya muda akamrudishia.

"Ni yako, yaya. Tantine alisema ni ya wa kwanza."

Perpétue alikataa. Akaichukua tu ili amvalishe yeye, akakaza mkanda wa ngozi nyuma ya kichwa chake kama alivyokuwa akimfunga kofia alipokuwa mtoto, na akaacha vioo vyeusi vimeinuka kusudi ayaone yale macho mekundu.

"Myaka sita ilikuwa mu kabati," alisema. "Unisamehe, Godé."

Nje, dereva wa lori la Lukafu alipiga honi mara mbili.

"Enda, yaya," alisema. "Utaniambia bile bamama batasema."